Jina lenye kudanganya ni deni kwa wenye kuja nyuma

Hapa Lubumbashi ukikutana na mutu anaitwa Mbuyi, swali la pili linatoka lenyewe: « Na Kabanga yuko wapi? » Kwa ndugu zetu wa Kasai, Mbuyi na Kabanga ni majina ya mapacha. Ukisikia jina, umekwisha kusikia na habari yake. Lakini kila mutu anamujua Mbuyi mmoja mwenye hana Kabanga. Alizaliwa peke yake, wazazi wakamupa jina la babu yake ili lisipotee. Huyo anaeleza maisha yake yote. Ku masomo anaeleza, ku kazi anaeleza, siku ya ndoa anaeleza tena. Hakuna mwenye alisema uongo. Kwa babu jina lilikuwa la kweli. Kwa mujukuu halisemi tena kile linaonekana kusema.

Leo tunataka kuongea juu ya akina Mbuyi wa namna hiyo, wenye kukaa ndani ya lugha ambazo wainjinieri wanatumia kwa kuandika sakiti za elektroniki. Tunajua ukurasa huu kwa kawaida unaongea barabara, bei ya unga na umeme wenye kukatika. Mutuvumilie kidogo. Sisi wenye kuandika hapa ni walimu na mafundi wachache, tunafundisha vijana elektroniki ya dijitali saa za jioni, na jambo hili linatupotezea vijana.

Lugha zenyewe zinaitwa VHDL na Verilog. Si lugha za programu kama zile zingine. Programu ya kawaida inaambia ordinateri: fanya hiki, kisha fanya kile. VHDL na Verilog zinaeleza chombo chenyewe: waya gani inafika wapi, kipande gani kinangojea saa ipige, kipande gani kinajibu palepale. Maandishi hayo yanapita kwanza mu jaribio ndani ya ordinateri, tunaita simulasio, ju ya kuona kama mambo yanatembea. Kisha programu nyingine inayageuza kuwa sakiti ya kweli. Karibu kila chipu ya leo, ya simu, ya televizyo ao ya gari, ilianza kama maandishi ya namna hiyo. Tantali yenye kutoka mu coltan ya inchi yetu iko mu vyombo hivyo hivyo, pembeni kabisa ya chipu. Lakini siku ile maneno ya kuandika chipu yalichaguliwa, sisi hatukukuwa pale.

VHDL ilitoka mu kazi ya wizara ya ulinzi ya Marekani, mwanzo wa miaka ya 1980, na chama cha wainjinieri IEEE kikaifanya kanuni mwaka wa 1987. Verilog ilizaliwa mu kampuni moja ya Marekani, Gateway Design Automation, katikati ya miaka ile ya 1980, ikakuwa kanuni ya IEEE mwaka wa 1995. Lugha hizi hazikai vile zilizaliwa. Kila kisha miaka kadhaa kamati inakaa, inaongeza jambo jipya: neno, alama, namna mpya ya kuandika. Kila jambo jipya linaomba vitu viwili: maana yenye kuandikwa sawasawa, na jina.

Oni letu ni hili. Maana ifike kwanza, jina lifuate. Na jina liseme kile kitu kinafanya, hapana kile tunatamani kifanye. Kamati ikigeuza utaratibu huo, deni linabaki, na wenye kulilipa si wale waliokaa mu kamati. Ni wanafunzi, tena wale wa mbali, wenye hawana mutu wa kuwaambia: « Achana na jina, angalia maana. »

Tutoe mufano. Kijana wetu mmoja alitaka kufanya kijumlishi kidogo ku kadi ya mazoezi. Unaweka namba mbili kwa swichi, unafinya kifungo cha saa, jibu linatokea ku taa na linabaki pale mpaka ufinye tena. Aliandika mu Verilog, simulasio haikulalamika, akaweka ku kadi. Siku tatu tulimuona na uso wa kufungana. Ya tatu akatuita.

« Yaya, hii kadi imekufa. »

« Imekufa namna gani? »

« Haishike jibu. Nikigusa swichi, taa zinabadilika palepale, ata kifungo cha saa sijakifinya. Na niliweka reg! Angalia mwenyewe, niliandika reg. »

Kadi ilikuwa nzima. Kijana alisoma jina akaliamini. « reg » ni kifupi cha rejista, na rejista kila fundi anaijua: ni kipande chenye kushika thamani mpaka saa ipige. Lakini mu Verilog « reg » haifanye rejista. Maana yake mu kitabu cha kanuni ni ndogo: ni kisanduku ndani ya maandishi, kinakaa na thamani ya mwisho uliyoweka mpaka uweke ingine. Kama kisanduku hicho kitageuka rejista ya kweli, ao waya tupu, ao kitu cha katikati, inategemea namna uliandika mistari yenye kukijaza. Kijana aliandika mistari yenye kujibu palepale, akapata sakiti yenye kujibu palepale. Neno « reg » halikubadilisha kitu.

Hapa tunapaswa kuungama. Kosa lile halikukuwa la kijana peke yake. Mu karatasi zetu za masomo, zile tunaandika kwa Kiswahili ili mutoto asipigane na Kifaransa na elektroniki saa moja, mumoja wetu alikuwa ametafsiri « reg » kuwa « rejista ». Alifanya haraka, jina lilionekana wazi. Kwa hiyo kijana alidanganywa mara mbili: mara ya kwanza na wale waliochagua neno zaidi ya miaka 40 iliyopita, mara ya pili na sisi hapa hapa. Wale wa kwanza wako na udhuru. Wakati ule lugha ilikuwa hasa ya kufanya simulasio. Kazi ya kugeuza maandishi kuwa sakiti ilikuja kushika nguvu nyuma yake. Sisi udhuru hatukukuwa nao.

Kamati yenyewe iliona shida. Mu kanuni ya 2001, kitabu kiliacha kuita aina hiyo « rejista », kikaanza kuiita kwa neno lenye kumaanisha kitu chenye kubadilika. Lakini mu lugha yenyewe, « reg » ilibaki « reg », sababu maandishi ya dunia nzima yalikuwa yameshaandikwa nayo. Kisha ikakuja SystemVerilog, mutoto wa Verilog, kanuni ya mwaka wa 2005, na neno jipya: « logic ». Neno hili haliahidi rejista, haliahidi waya. Linasema tu: hapa kuna thamani ya mantiki. Njo jina lenye adabu. Lakini hesabuni: kutoka kuzaliwa kwa Verilog mpaka 2005 ni miaka kama 20 ya wanafunzi wenye kuuliza rejista yao iko wapi. Na « reg » haikufa. Iko mu kanuni mpaka leo, na iko mu masomo mengi yenye vijana wetu wanachukua ku intaneti.

Tusiseme kwamba shida ni ya majina peke yake. Kuna mara jina ni zuri na maana njo yenye iko na tundu. Mwaka wa 2001 Verilog iliongeza alama moja yenye kupendwa sana, « always @* ». Inasema: fanya kazi hii kila mara kitu unachosoma kinabadilika. Mbele yake ulikuwa unaandika orodha ya vitu hivyo kwa mukono. Ukisahau kimoja, simulasio na sakiti ya kweli havisemi tena jambo moja. Basi alama ile ilikuwa baraka. Lakini nani aliuliza: na kama hakuna kinachobadilika? Simulasio inaanza, vitu vyote vimetulia, kazi inangojea badiliko lenye halikuji, na jibu linabaki halijulikani. SystemVerilog ilijibu kwa « always_comb »: kazi hiyo inatembea mara moja yenyewe ku mwanzo, kisha inafuata mabadiliko. Na wakaongeza ndugu zake wawili, « always_ff » kwa vitu vyenye kungojea saa, na « always_latch » kwa komeo.

Komeo tunaita ile sakiti yenye kufunguka na kufungika, na ikifungika inabakiza thamani ya zamani. Kwa kawaida inakuingilia bila kuialika. Unaandika: mulango ukifunguka, taa iwake. Unasahau kusema mulango ukifungwa taa ifanye nini. Lugha inasoma vile: basi taa ibaki vile ilikuwa. Na kwa kubaki vile ilikuwa, sakiti inapaswa kukumbuka, na kwa kukumbuka, komeo linajengwa. Sasa ukiandika « always_comb », umesema nia yako: sitaki kukumbuka kitu. Programu ikiona komeo linaingia, inaweza kukuonya. Hayo majina matatu tunayapenda. Kila moja linaambia mashine na mutu, wote wawili, kile mwandishi alikuwa nacho mu kichwa, na linaruhusu kumushika akikosea.

Sasa angalia jambo lenye kufanana, lakini lilienda kwa haraka kidogo. Mara nyingi mu sakiti unachagua njia moja kati ya nyingi. Zamani, ukitaka kuambia programu ya kugeuza sakiti kwamba njia hizo hazigongane, ulikuwa unaandika amri ndani ya maelezo ya pembeni, yale ambayo simulasio inaruka. Simulasio inaruka, ile programu ingine inasoma. Unajaribu kitu kimoja, unajenga kingine. SystemVerilog ya 2005 ilitoa amri hiyo mu maelezo, ikaifanya neno la lugha: « unique ». Vizuri sana. Lakini « unique » iliandikwa kumaanisha: njia moja, na lazima iwepo. Kama hakuna hata moja inayolingana, unapigiwa kelele. Na wainjinieri wengi walikuwa wanataka kitu kingine: zisiwe mbili, lakini kama hakuna, si ubaya. Kwa hao, mwaka wa 2009 ikaongezwa « unique0 ». Sifuri nyuma ya neno, kama kiraka ku suruali mpya. Maana yake iko sawa: sifuri ao moja. Lakini mwanafunzi anayeiona mara ya kwanza anafikiri ni toleo la zamani, ao kosa la kuandika. Kama mbele ya kuchagua « unique » mutu angeuliza « zikikosekana zote tunasema nini? », majina mawili yangetoka siku moja, na yangefanana kama mapacha.

Na VHDL nayo, yenye kujulikana kuwa na adabu nyingi? Iko na yake. Mwaka wa 1993 IEEE ilitoa kanuni yenye namba 1164. Mahali Verilog iko na thamani nne ku waya moja, sifuri, moja, « x » na « z », kanuni ile ilitoa tisa. Wengine wanacheka: tisa za nini? Lakini mu Verilog « x » inabeba mizigo miwili. Mu simulasio maana yake ni: sijui. Kwa programu ya kugeuza sakiti mara nyingi ni: sijali, chagua wewe. Kutokujua na kutokujali si kitu kimoja. Muulize mama mwenye mutoto hajarudi saa mbili ya usiku. VHDL ilitenganisha: « U » haijawekwa kitu, « X » kuna mugongano, « - » sijali. Kila maana na jina lake. Tunapiga mikono.

Lakini ata hapo tundu lilibaki. Mutu aliweka « - » ndani ya ulinganisho, akifikiri italingana na sifuri na moja, kwa sababu jina linasema « sijali ». Haikulingana na chochote isipokuwa « - » ingine. Alama ya usawa ililinganisha herufi kwa herufi, haikuangalia nia. Jibu la kweli lilikuja mwaka wa 2008, wakati VHDL iliongeza alama « ?= » na « case? », zenye kuelewa kwamba sijali ni sijali. Miaka 15. Jina lilikuwa zuri, maana ya kipande kile ilikuwa nzuri, lakini hakuna mwenye aliandika mapema kinachotokea wakati kipande kinakutana na jirani yake.

Kuna na kosa la namna ingine, lenye tunaliona kila mwaka: jina la nyumba ya mwenyewe kukaliwa na mugeni. VHDL ya mwanzo haikukuwa na namna ya kanuni ya kufanya hesabu juu ya waya nyingi pamoja. Kampuni moja kubwa ya programu iliandika yake, iliyoitwa « std_logic_arith », na ikawekwa mu maktaba yenye jina « ieee ». Haikukuwa kanuni ya IEEE. Lakini mutu akisoma mustari wa kwanza, anaona « ieee », anafikiri ni muhuri. Kanuni ya kweli, « numeric_std », ilifika mwaka wa 1997. Wakati ule maandishi yalikuwa yamejaa ile ya kwanza. Leo bado tunapokea kazi za wanafunzi zenye kuita zote mbili kwa pamoja, na majina ya ndani yanagongana, kijana hajui kwa nini. Tunamuambia: hii ni mwenye nyumba, hii ni mupangaji mwenye alivaa koti la mwenye nyumba. Anacheka, anafuta mustari, kazi inatembea.

Wengine watatujibu: basi kamati ibadilishe majina mabaya, imalizike. Haiwezekane rahisi, na sisi Wakongomani tunajua kwa nini. Mwaka wa 1966 Élisabethville ikakuwa Lubumbashi. Mwaka wa 1971 inchi ikakuwa Zaïre, mwaka wa 1997 ikarudi Congo. Mutu anaweza kuwa na cheti cha kuzaliwa cha inchi moja na diploma ya inchi ingine, na hajawahi kutoka mu kartiye yake. Karatasi za zamani hazibadilike pamoja na sheria. Mu lugha za sakiti ni vile vile. Neno likikuwa la lugha, hakuna mutu tena anaweza kulitumia kwa kuita waya yake. SystemVerilog ilipochukua maneno kama « bit », « do » na « priority », maandishi ya Verilog yenye yalikuwa na waya inaitwa « priority » yalikataa kusomwa. Na waya ya jina hilo ni ya kawaida mahali popote vyombo vinagombania nafasi. Wenye kanuni walipaswa kuweka amri ya pekee, « `begin_keywords », ya kusema: kipande hiki kisomwe na maneno ya mwaka fulani. Ni kama ile bibi wa ku ofisi ya mairie mwenye anajua majina yote ya zamani ya avenue. Anasaidia sana. Lakini ni afazali usimuhitaji.

Ndiyo maana tunasema jina ni deni. Mu programu ya kawaida unakosea leo, unarekebisha kesho. Mu lugha ya sakiti, neno linaingia mu kanuni, linaingia mu maandishi ya makampuni, linaingia mu chipu zenye kuuzwa, linaingia mu vitabu. Kulitoa kunaumiza kuliko kuliacha. Kwa hiyo linabaki, na kila mwaka linakuta kijana mupya.

Tuko na wenzetu wenye hawakubaliane na sisi, na tunawaheshimu. Mumoja anasema: jina si kitu, injinieri wa kweli anasoma kitabu cha kanuni. Tunamujibu: kweli, na tunapenda wanafunzi wetu wakisome. Lakini kitabu cha SystemVerilog kinapita kurasa 1000. Hakuna mutu anafungua kurasa 1000 kwa neno analofikiri amelielewa. Jina baya halikufiche maana tu. Linakuondolea na hamu ya kuitafuta. Mwingine anasema: mukitaka kila maana ikamilike mbele, kamati italala. Kutoka kanuni ya VHDL ya 2008 mpaka ile ya 2019 ni miaka 11, munataka 20? Hapana, hatuombe kuchelewa. Kuandika mifano kumi ya mupaka hakuombe miaka: saa ya sifuri, zikikosekana zote, zikilingana mbili, thamani isiyojulikana ikiingia. Ni jioni chache za watu wenye uvumilivu. Na kama mifano hiyo inashinda kuandikwa, ni ishara kwamba jambo lenyewe halijaiva, na jina lingekuwa la kufunika tu.

Sasa, sisi hapa tufanye nini? Mu kamati ile hatuna kiti. Lakini kuna mambo matatu yako mu mikono yetu.

La kwanza ni kwa walimu wenzetu. Tufundishe maana mbele ya jina. Sisi tumeanza hivi: tunaeleza kitu bila kukiita. « Kuna kitu kinashika thamani, kinaibadilisha paka wakati saa inapiga. Chora. » Mwanafunzi akikichora sawa, njo tunamupa neno. Akikosa kuchora, neno halingemusaidia.

La pili ni kwa vijana. Kanuni ya SystemVerilog inapatikana bure ku intaneti, kwa kibali cha IEEE yenyewe. Si lazima muisome yote. Mukikuta neno jipya, tafuteni ukurasa wake, someni nusu saa, ata kwa kizungu cha shida. Na programu za kufanya simulasio bila kulipa ziko: GHDL kwa VHDL, Icarus Verilog na Verilator kwa Verilog. Zinatembea ku ordinateri ya zamani. Umeme ukirudi, fanyeni jaribio dogo la mistari kumi mbele ya kuamini jina. Mistari kumi ingemupunguzia yule kijana siku tatu.

La tatu ni kwa sisi wenye kuandika kwa Kiswahili, na hili njo linatuuma zaidi. Wengi wanatuambia Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Vizuri! Maana yake bado hatujakosea. Wale wa mbele walichagua wakiwa hawajui kinachokuja. Sisi tunachagua tukiwa tunaona makosa yao yote yamepangwa ku meza. Mu karatasi zetu mpya tumekubaliana hivi. « Waya » ni kitu chenye kupitisha bila kukumbuka. « Komeo » ni kile chenye kukumbuka mulango ukifungwa. « Rejista » ni kile tu chenye kungojea saa, hakuna kingine. Na « reg » haipewe jina la Kiswahili. Tunaiacha vile iko, ndani ya alama zake, na pembeni tunaandika: kishika-thamani cha maandishi, inaweza kukuwa rejista, inaweza isikuwe. Tuligombana juu ya hilo jioni mbili. Mwenye alikuwa ameandika « rejista » mara ya kwanza njo alisimama kwa nguvu zaidi kwamba lifutwe.

Yule kijana amemaliza kijumlishi chake. Aliongeza mustari mumoja wenye kungojea saa, na jibu likakaa ku taa mpaka afinye kifungo. Siku ile alituuliza swali lenye halikutuacha: « Kama munajua jina linadanganya, kwa nini walinipa mimi nilijaribu peke yangu? » Kwa Mbuyi mwenye hana Kabanga tunaweza kujibu: walikupa kwa kupenda babu. Kwa yeye hatukukuwa na jibu ya namna hiyo. Tulimuomba musamaha, kisha tukamupa kalamu nyekundu na karatasi zetu zote, atafute mengine.

Amekwisha kupata manne.